Kishikwambi ndiyo ofisi... sawa, lakini kitafika lini mwisho?

Huko mjini najua kumekucha, na huku kwetu Mbegani nako hatujalala. Wiki hii naomba tuziache kidogo habari za mapenzi na mitoko, tuongelee kitu ambacho vijana wengi wanatembea nacho kwapani kama askari na kirungu chake. Kishikwambi!

Siku hizi mshikaji akikwambia yuko ofisini, usishangae kumkuta kakaa chini ya mwembe, kishikwambi mbele, kibodi ndogo ubavuni na simu ya kumrushia intaneti. Ofisi ndiyo hiyo hiyo. Kompyuta ya mezani anaiona zigo tu, maana inataka meza, inataka umeme muda wote, na ukihama chumba lazima ukodi bajaji.

Mimi ni mmoja wao. Tangu 2020 kishikwambi ndiyo kompyuta yangu. Nawawekea wenye mashua hesabu zao: mafuta kiasi gani, barafu kiasi gani, samaki wameuzwa bei gani, mabaharia wapate ngapi. Nachapa barua, nawajazia vijana fomu za mtandaoni. Kikizima hicho, ujue na mimi mshiko umezima.

Ndiyo maana swali la watu huwa linanigusa: eti hicho kidude kinadumu? Kinaweza kweli kushika nafasi ya kompyuta ya mezani?

Jibu langu ni kwamba kishikwambi kina vifo viwili. Kwanza kinakufa kazi, halafu baadaye sana ndiyo kinakufa chenyewe. Katikati hapo inaweza kupita miaka kadhaa kinawaka, kinang'aa, kinaonyesha sinema, lakini mkate hakikuletei tena.

Tuanze na betri, kitu ambacho kompyuta ya mezani haikitegemei. Kampuni ya Apple inasema betri ya iPad imetengenezwa ibakize hadi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kumaliza chaji kamili mara 1,000, mazingira yakiwa mazuri. Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa kazi anayemaliza chaji nzima kila siku, hizo 1,000 ni kama miaka miwili na miezi tisa tu. Na mazingira mazuri ni yapi? Hao hao wanasema usikitumie palipozidi nyuzijoto 35. Hebu njoo huku mwezi wa pili, saa nane mchana, ukae kwenye chumba cha bati kisicho na dari, halafu uniambie kama hizo 35 ziko mbali!

Kuna na chumvi. Bahari iko mlangoni na upepo wake hauchagui. Misumari ya bati inaliwa, bawaba zinaliwa, na tundu la chaji nalo linaliwa. Changu mwaka wa tatu kilianza kukataa chaji. Fundi mmoja wa Bagamoyo mjini akabadilisha tundu, maisha yakaendelea. Lakini alipokifungua ndipo nilipoona mambo. Kioo kimegandishwa kwa gundi, betri kwa gundi, memori imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi.

Kompyuta ya mezani ikiugua unachomoa kinachouma, unapachika kingine. Leo memori, kesho pawa saplai, keshokutwa kioo. Ni kama mashua, ubao ukioza unabadilisha ubao, chombo kinarudi majini. Kishikwambi ni chungu. Kikipasuka umebaki na vigae.

Hata hivyo, kile kifo cha kazi mara nyingi hakitoki kwenye betri wala kwenye chumvi. Kinatoka kwenye programu. Mtengenezaji anakusasishia mfumo kwa muda, halafu siku moja anakuacha solemba. iPad ya kwanza kabisa ilianza kuuzwa Aprili 2010. Septemba 2012 ilipotoka iOS 6, yenyewe haikuwemo kwenye orodha. Haijatimiza hata miaka miwili na nusu! Baadaye mambo yakawa nafuu. iPad Air 2 ya Oktoba 2014 iliendelea kupata matoleo mapya mpaka iPadOS 15 ya 2021, ikaachwa na toleo la 2022. Samsung nao waliahidi miaka saba kwa Galaxy Tab S10 za 2024. Lakini vile vya bei poa vilivyojaa madukani, mara nyingi ahadi yake ni fupi au haipo kabisa.

Upande wa mezani, Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft wakafunga huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Miaka kumi na ushee kwa mfumo mmoja. Na mashine ikishaachwa, fundi anaweza kukupachikia Linux ikaendelea kuchapa kazi. Kishikwambi kingi hakikupi nafasi hiyo.

Sasa tegeni sikio, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Saa ya kishikwambi haianzi siku unapokitoa kwenye boksi. Inaanza siku mtengenezaji alipokiingiza sokoni. Changu nilikinunua 2020, lakini ni toleo la 2018. Kufika 2022 masasisho ya usalama yakakoma, na 2024 programu ya benki ikakataa kufunguka. Kama kompyuta kimenipa miaka minne, na kimejilipa mara kadhaa, sikidai. Leo ni daftari la hesabu tu, malipo nafanyia kwenye simu.

Mnaikumbuka sensa ya 23 Agosti 2022? Makarani walipita na vishikwambi nyumba kwa nyumba, tukahesabiwa watu 61,741,120. Baadaye Serikali ikavigawa kwa walimu. Kifaa kilichobeba majina yetu kikaenda kubeba maandalio ya masomo. Ni jambo zuri sana, lakini saa yake ilikuwa imeshaanza kugonga kabla mwalimu hajakishika. Mwalimu wangu, alama za watoto ziwe na nakala mahali pengine, usiziache humo peke yake.

Miezi michache iliyopita alinijia mdogo wangu anayesoma hapa FETA, Kampasi ya Mbegani, na akiba yake ya kuuza vitumbua.

"Shikamoo kaka. Nimepata kishikwambi cha mtumba, nataka niandikie ripoti yangu ya mwisho. Kitanifikisha?"

Sikumkataza. Nilimtuma akaulize mambo matatu: kilitoka mwaka gani, sasisho la mwisho la usalama ni la tarehe ngapi, na je, kinakubali kuunganishwa na kioo kikubwa? Hayo mawili ya mwanzo hayahitaji muuzaji mkweli. Jina la toleo na tarehe ya sasisho vyote viko kwenye mipangilio ya kifaa, unavisoma mwenyewe pale pale dukani.

Majibu yakaja: kimetoka 2017, kimesasishwa mara ya mwisho 2019.

"Bibie," nikamwambia, "huyo ni marehemu anayetabasamu."

Vile vitumbua vya alfajiri viliponea hapo. Kwa pesa ile ile alipata kompyuta ya mezani ya mtumba. Ni nzito, ina kelele, na umeme ukikatika inazima naye yuko katikati ya sentensi. Siku kama hizo anaazima kishikwambi changu, anaandika humo, umeme ukirudi anahamishia kwenye mashine. Ripoti inasonga.

Ushauri wangu basi, kwa wanaotaka ofisi ya kwapani: kikiwa kipya na cha maana, jipangie miaka minne au mitano ya kazi. Cha bei poa, miwili mpaka mitatu. Gawa bei kwa miaka hiyo, na kila mwezi tumbukiza kitu kwenye kibubu cha kingine. Kikizidi hapo, shukuru Mungu, hiyo ni nyongeza.

Haya, kazi kwenu. Mimi naenda zangu pwani, mashua zinarudi na hesabu zinanisubiri. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!