Mzoga Kando ya Kiwanja cha Ndege

Wenzangu wengi hupenda kusimulia mambo mazuri waliyoyafanya likizoni. Mimi nataka kueleza jambo nililolifanya vibaya, ili asiyejua apate kujua, na mimi mwenyewe nipate kuutua mzigo niliouchukua tangu nilipokuwa Kidato cha Pili.

Kwetu ni kijiji kimoja cha Wilaya ya Meatu, mbali na Mwanhuzi, upande wa kuelekea Pori la Akiba la Maswa. Karibu na kijiji pana kiwanja kidogo cha ndege, yaani uwanda uliofyekwa majani tu, ambapo ndege ndogo hutua na wageni wa porini. Mwishoni mwa Machi ndama wa baba alikufa. Baba akaniambia, "Chimba shimo refu, umzike leo hii." Lakini mimi nilikuwa na miadi ya kucheza mpira. Basi nikamfunga ndama kamba, nikamburuta kwa maksai hadi mwisho wa kiwanja kile, nikamtupa vichakani. Jioni baba aliponiuliza, nilijibu, "Ndiyo, Baba, nimekwisha mzika."

Usiku ule mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa ameanguka kutoka juu ya mkwaju, alizidiwa na maumivu ya paja lililovunjika. Mto ulikuwa umejaa, gari halipiti. Kwa bahati rubani mmoja alikubali kupita kumchukua asubuhi. Saa nne tukawa kiwanjani, mgonjwa amelala juu ya kitanda cha kamba. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Ndege ilipoinamisha pua ili itue, tumbusi thelathini au zaidi waliruka kwa pamoja kutoka kwenye mzoga wangu. Mmoja alipita karibu na bawa hata mama mmoja akapiga ukelele. Rubani akainua ndege, akazunguka mara mbili, kisha akaenda zake. Mtoto akalia, mama yake akalia. Mimi nilitazama chini.

Alirudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu, wakati tumbusi wangali wamekaa mitini wakingoja ardhi ipate moto, kwa maana ndege hawa wazito hupanda juu kwa kubebwa na hewa ya joto. Wazee walipomwamkia na kumwuliza kama wawatilie sumu tumbusi wale, alikataa kabisa. "Hapana, wazee wangu," akasema. "Wao wanafanya kazi yao ya kusafisha nchi. Kosa ni la aliyeuweka mzoga hapa."

Ndipo alipotusimulia habari za Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, katika ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Tumbusi akaligonga bawa, ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Baba yake alipofariki mwaka 1987, naye alizikwa papo hapo kando ya mwanawe.

Niliporudi shuleni sikuacha kuyawaza mambo hayo. Mwaka huu, katika somo la fizikia, nilipiga hesabu. Tumbusi mwenye kilo 7 akigongwa na ndege iendayo kilomita 180 kwa saa, nguvu ya pigo lile ni sawa na gunia la mahindi la kilo 100 lililoanguka kutoka urefu wa karibu mita 9. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne. Wala kuruka juu sana si kinga kamili. Mwaka 1973 tumbusi aligongana na ndege kubwa ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, katika urefu wa futi 37,000. Ndege ile ilitua salama, lakini ilikuwa na injini zaidi ya moja. Ndege iliyokuja kijijini kwetu ilikuwa na injini moja tu.

Yule mtoto alipona, na sasa anatembea, ila anachechemea kidogo. Kila nimwonapo hukumbuka usiku mmoja wa maumivu nilioongeza mimi kwa sababu ya mpira. Likizo iliyopita nilimwendea baba, nikamwambia kweli yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanipa jembe. "Kachimbe shimo," akasema, "kila ng'ombe wa kijiji hiki atakapokufa, nawe ukiwa likizoni, utamzika wewe." Tangu hapo nimekwisha zika wawili.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaokaa karibu na viwanja vya ndege, msitupe mizoga wala taka hapo, wala msiwatilie tumbusi sumu, kwa kuwa wamekwisha kuwa wachache mno duniani. Rubani hujihadhari kwa kuruka mapema na kutazama mbele, lakini hawezi kuuona uvivu wa mtu aliye chini. Huo tuuondoe sisi wenyewe.