Chupa ya Maji

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi giza limeingia. Sitaki kuongea na mtu.

Kuna maandishi pale kwenye mwamba wa michoro ninapopeleka wageni. Ya mkaa. Herufi mbili, kopa katikati, na 2025 chini yake, makubwa kama kibao cha duka. Mkia wa herufi ya pili umepita juu ya mguu wa nyuma wa yule pofu aliyechorwa. Juu ya mguu wenyewe!

Chini ya mwamba mafiga matatu, majivu, mifupa ya kuku, vizibo vya soda. Walilala hapo. Wakapika hapo hapo, moshi ukapanda moja kwa moja ukutani. Nimegusa jivu, bado lina uvuguvugu. Asubuhi kuna gari lilinipita njiani likishuka, mahema yamefungwa juu. Walinipungia mkono. Nami nikawapungia.

Jumapili, 15 Juni

Usiku kucha nawaza kitambaa. Kitambaa chenye maji, dakika mbili tu, aibu imeondoka. Alfajiri kilikuwa tayari mkobani. Bodaboda mpaka njia ilipoishia, nikamalizia kwa miguu, nikasimama mbele ya pofu. Mkono ukakataa.

Mkaa uko juu, wekundu uko chini. Vyote viwili ni unga. Ule wekundu ni udongo wenye chuma, mtu aliusaga kwa mikono yake, na ukitoka hakuna wa kuurudishia. Nikifuta kimoja nafuta vyote.

Nilikaa pale muda mrefu, jicho karibu na ukuta, mikono nimeifunga nyuma. Mgongo wa pofu ukiutazama toka mbali ni mkono mmoja wa rangi. Ukisogea unakuta mistari myembamba, mingi, imelazwa ubavu kwa ubavu kama nyuzi za mkeka. Penye bonde la jiwe mistari inapinda kidogo ili tumbo la mnyama likae ndani ya bonde. Aliyechora alilijua hilo jiwe. Alilichagua. Ndiyo maana hata ukiibandua picha ukaipeleka jumba la makumbusho, nusu yake inabaki huku.

Kitambaa kimerudi nyumbani kikavu. Nimepiga picha, nimeandika taarifa, nimeikabidhi. Nangoja mtaalamu.

Jumanne, 17 Juni

Hili sijawahi kumwambia mtu.

Darasa la sita, ziara ya shule. Mwalimu alisema picha zimefifia, akafungua chupa ya maji akamwaga ukutani. Tulishangilia! Wekundu ukawaka kama damu mbichi. Nikaomba chupa nami. Nikammwagia yule wa katikati, katika wale watu watano waliochorwa, wawili huku na wawili huku. Nilifurahi kweli. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile, hata mmoja.

Sasa najua yanavyokwenda. Maji yanaingia kwenye jiwe, yanayeyusha chumvi iliyomo, na yakikauka yanaiacha usoni. Utando mweupe. Ukimwaga tena, unanenepa. Anayelowesha ili picha itoke vizuri kwenye simu anaifunika kidogo kidogo, na anaondoka akidhani ameifufua.

Mary Leakey alipokuja 1951 na kunakili michoro yapata 1,600 katika Kondoa hii, aliona katika wale watano mtu anatekwa: wawili wenye vinyago wanamvuta upande mmoja, wawili wanamzuia upande wa pili. Waliokuja baadaye wakasema hapana, hiyo ni ngoma ya waganga, mtu amepandwa, wenzake wanamshikilia. Mimi nimesimama mbele yao miaka, na kila nikija naamua tofauti. Huyo wa katikati akifutika, ubishi wote umekwisha, hakuna wa kumuuliza.

Begani kwake kuna ukungu mweupe. Kila ninapoelekeza wageni kwa fimbo, fimbo yangu inapapita pale.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemkuta babu mmoja yuko njiani kupanda mwambani, kibuyu mkononi. Shikamoo babu. Marahaba mwanangu. Mjukuu wake hajapona.

Nilibaki chini ya mti. Si mahali pangu pa kuingia wakati ule.

Wageni huwa wananiuliza: mbona sisi tunakatazwa kugusa, na wazee wananyunyiza pombe ya mtama? Swali halali. Pombe nayo inaharibu, sidanganyi. Ila babu amekuja kuomba, na hana mwamba mwingine wa kuombea. Mwenye hema ana kilima kizima cha kulala. UNESCO ilipoiandika Kondoa katika urithi wa dunia mwaka 2006, haikuandika picha pekee. Iliwaandika na watu ambao bado wanapanda kuomba mvua na uzima. Ukiwafukuza hao umebaki na ukuta.

Alipotoka nilimweleza, polepole, kwa heshima zote: babu, pombe inamla pofu. Alinitazama muda. Akasema, "Leo nimemwaga chini." Akaendelea kushuka.

Nimelia kidogo njiani. Sijui kwa nini. Vizuri tu.

Jumapili, 22 Juni

Magari matatu kutoka mjini. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike wanakuja wengi, na nafurahi, nisiseme uongo. Watoto wanakimbia, kina mama wana vitenge vya sare, kuna muziki. Halafu nikaona wanashusha jiko la nyama choma na kulielekeza pangoni. Kuna kivuli, wanasema. Dada, tumeshalipia.

Nikawaonyesha dari. Hapa panapoonekana peusi ni moshi. Chini ya weusi huu kulikuwa na twiga. Nikawaonyesha na shimo lile la sakafuni, walilochimba watu kutafuta dhahabu waliyodhani Mjerumani aliizika. Dhahabu hawakuipata, na udongo walioutupa ulikuwa na habari za watu waliokaa hapa kabla yetu sote. Vumbi lake bado linapanda ukutani watu wakicheza.

Kimya. Kisha mama mmoja mtu mzima akamwambia kijana wake, "Beba jiko, twende kwenye mbuyu." Wakaenda wote. Wamekula, wameimba, wamefurahi, na wameondoka na takataka zao. Haikuhitaji polisi.

Kabla ya kuondoka, mtoto wa miaka saba hivi aliinua chupa yake kuelekea ukutani. Nilipiga kelele kuliko nilivyokusudia. Akaogopa, machozi yakamlenga. Nikachuchumaa nikamwambia hizi nyekundu zilichorwa na wawindaji, zamani sana, kabla ya baba zetu kuleta jembe. Na hizi nyeupe ni za wakulima waliofuata. Akauliza, "Wakirudi wataziona?"

Ziko, nikamwambia. Ngoja wazikute.

Jumatatu, 23 Juni

Mtaalamu hajafika. Maandishi yapo. Hakuna kufuta mpaka aje.

Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na walinzi ni wachache kwa miamba iliyotawanyika kwenye zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Mlinzi wa kweli ni yule aliyesimama mbele ya picha kwa wakati ule, pamoja na mimi. Kwa hiyo nimebadilisha maelezo yangu. Sitaanza tena na umri wa michoro. Nitaanza na bega la yule wa katikati, na nitasema ni nani alimwagia maji.

Kesho wageni kumi na wanne. Chupa zote zitabaki kwenye gari.