Mzee wa Miaka 19: Siku 13 za Kwanza Temeke

Ushawahi kuwaona. Vijana wawili, shati jeupe, tai, suruali ya kitambaa, begi mgongoni, beji nyeusi kifuani. Wanakatiza mtaa saa nane mchana, jua la utosi, utadhani wana kikao na waziri.

Mtaani wanaitwa Wamormoni. Wenyewe wana jina refu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 rais wa kanisa lao aliomba kabisa watu waache lile la mkato. Lakini mtaa ni mtaa, jina likishakaa limekaa.

Utaratibu wao uko hivi. Kijana wa kiume akifika miaka 18 anaweza kwenda umisionari, anatumikia miaka miwili. Wadada ni miezi 18. Mshahara hakuna. Nchi huchagui, unaletewa barua unakoenda kumeshaandikwa. Tanzania ilipata misheni yake yenye makao Dar es Salaam mwaka 2020, kabla ya hapo kazi ya huku ilisimamiwa kutoka Nairobi.

Sasa stori ya leo ni ya kijana mmoja aliyetoka huko huko Nairobi, pande za Umoja. Miaka 19. Kwao ni mtoto wa kwanza, baba hayupo. Alikuwa anashinda kwenye kibanda cha M-Pesa, na kila mwisho wa mwezi nusu ya kodi ya nyumba ilitoka mfukoni kwake. Nusu nyingine ilikuwa ya mama yake, anayeuza nguo za mtumba. Nyuma yake kuna mdogo wake wa kike, yuko sekondari.

Mama yake sio wa kanisa hilo. Siku barua ilipokuja aliisoma mara mbili, akairudisha mezani, akasema, "Miaka mbili bila mshahara, unaenda kuhubiria Watanzania. Sawa. Na hii nyumba italipwa na nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Akaenda mafunzo Ghana, akamaliza, akapanda ndege ya Dar na lile swali.

Alitua Jumatano. Cha kwanza kumpokea ni joto. Cha pili ni mwenzake wa kazi, mzungu wa Utah, miaka 20, tayari ana mwaka na miezi miwili Bongo. Hawa jamaa hawatembei peke yao, ni wawili muda wote, na mgeni anapangiwa mwenyeji wa kumfundisha kazi. Mzungu akamwangalia, akasema, "Karibu sana kaka. Pole na safari. Umeshakula?"

Kijana akabaki ametoa macho. Kiswahili kimenyooka kuliko cha kwao Umoja.

Ratiba nayo haina utani. Kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi, sala, kusoma. Halafu mtaani mpaka usiku. Saa nne na nusu taa zimezimwa. Simu ipo, ila ni ya kazi. TikTok hakuna, Insta hakuna, Gengetone hakuna, muvi hakuna. Kupiga nyumbani ni mara moja kwa wiki, siku yao ya kufua na kupumzika, ambayo kwao ilikuwa Jumatatu. Na hapo wanaona wana raha, maana kabla ya Februari 2019 ilikuwa mara mbili kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama.

Halafu kuna beji. Imeandikwa MZEE, ikafuatiwa na jina la ukoo. Ndio wanavyoitana, hata ukiwa na miaka 18. Jina lako la kwanza unaliacha nyumbani. Siku ya pili tu mtaani, watoto walikuwa wanamfuata nyuma, "Shikamoo mzeeee!" halafu mbio. Dada muuza mihogo akaisoma beji, akampandisha na kumshusha. "Mzee gani huyu hata ndevu hana?"

Hilo alicheka. Lililomuuma lilikuja dakika tano baadaye, genge la pili. Koo limekauka, akanyoosha noti. "Nipe maji."

Mama wa genge akaacha kukata vitunguu. "Nipe? We kaka, mimi mkeo?"

Waliokaa pale kwenye benchi wakageuka. Mzungu akawahi, "Samahani mama, ni mgeni huyu, katokea Kenya. Naomba maji mawili ya baridi." Uso wa mama ukafunguka hapo hapo. "Ahaa, Mkenya. Basi nimekuelewa." Benchi zima likacheka.

Hebu jiulize. Umekulia kwenye Kiswahili, halafu anakuombea maji mtu aliyejifunza juzi. Kwao "nipe" haina shida yoyote, ndio lugha ya dukani. Huku inasikika kama amri. Na "habari yako" aliyokuwa anawapa wazee kwa heshima zake zote, watu walikuwa wanaipokea kwa kujikaza, wanangoja "shikamoo" ambayo haiji. Usiku ule mwenzake akampa somo moja tu: kila kitu anza na naomba. Naomba maji, naomba kupita, naomba kuuliza. Kijana akaitikia kwa mdomo. Moyoni alikuwa anasema, nimekuja kuwaletea watu kitu, mbona nageuzwa ombaomba?

Ijumaa na Jumamosi zilikuwa za kukataliwa. Sio kwa matusi, Dar watu wana ustaarabu wao. "Karibuni, ila sisi tuna kanisa letu." "Karibuni, ila baba hayupo." "Karibuni siku nyingine." Unaambiwa karibu mara 30 kwa siku na hakuna mlango uliofunguka.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa bibi mmoja wa Kiislamu. Aliwaona wanavuja jasho, akawaita wakae barazani kwake. Akawaambia kabisa, "Mambo ya dini msijisumbue, mimi nina yangu. Lakini mgeni hapiti hivi hivi." Akaingia ndani, akatoka na sinia: vikombe vitatu, chai ya rangi, iliki inanukia mpaka barabarani, na vitumbua pembeni.

Sasa ujue, hawa watu chai hawanywi. Kahawa hawanywi, pombe na sigara ndio kabisa. Ni fundisho lao la tangu 1833. Kijana akaona bora kuwa mkweli. "Hatunywi."

Neno moja tu, na baraza likapoa. Bibi ameshika birika, mkono umebaki juu. Kwa mtu wa Pwani, kumkatalia chai yake mlangoni kwake ni kama kumwambia nyumba yako chafu.

Mzungu akashuka kwenye kiti, akachuchumaa. "Shikamoo bibi, nisamehe. Chai tumekatazwa kwenye dini yetu. Lakini naomba maji ya kunywa, na vitumbua naomba viwili, nina njaa kweli."

Bibi akamwangalia, halafu akaangua kicheko. "Kumbe na nyie mna haramu zenu! Si mngesema! Mimi kuna vitu hata uniwekee kisu sili." Maji yakaja, vitumbua vikaisha. Wakati wanaaga akawaambia, "Piteni tena. Nitawachemshia mchaichai, ule hauna majani yenu ya haramu."

Jumatatu ikafika. Simu ya video, Nairobi. Mama anatabasamu, anaulizia chakula, anaulizia mbu. Lakini nyuma yake ukuta sio ule. Kijana akauliza, "Mko wapi?" Mama akabadilisha mada. Mdogo wake ndiye aliyelipuka, "Tuko kwa auntie. Landlord alifunga nyumba Ijumaa."

Simu ilipokatika, kijana hakuongea. Alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Nusu ya kodi iliyokosekana ilikuwa yake, hilo halikuhitaji kuhubiriwa.

Mwenzake alimkuta hivyo. Angeweza kumfungulia maandiko, hakufanya hivyo. Akaiweka simu ya kazi kitandani. "Namba ya rais wa misheni iko humo. Ukitaka kurudi nyumbani, unampigia. Hakuna atakayekufunga kamba." Akachukua shati la kijana kwenye beseni, akaanza kulifua. Baadaye sana, akiwa ameinama kwenye povu, akasema kwamba yeye siku yake ya tisa alijifungia chooni akalia, kwa sababu alishaitwa mzungu siku nzima na hakujua hata kusema amechoka.

Kijana hakupiga namba. Begi nalo hakulifungua. Likakaa hivyo hivyo, nguo zimekunjwa, siku tatu.

Alhamisi wakapita kwa bibi. Mchaichai upo kweli, na tangawizi. Bibi akauliza kama kawaida ya wazee, "Na mama yako mzima?"

"Mzima."

"Uso wako hausemi hivyo."

Ikabidi aseme. Kodi, kufuli, mdogo wake, kila kitu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo. "Ulimwomba ruhusa mama yako, au ulimpa taarifa?"

Kijana akaanza kueleza habari za barua, za kanisa, za kuitwa na Mungu. Akajisikia mwenyewe anavyoeleza, akaacha. Alimpa taarifa. Tena kwa lugha ile ile ya gengeni.

"Basi anzia hapo," bibi akasema, akamwongezea mchaichai.

Siku nne mpaka Jumatatu ni nyingi kwa mtu mwenye swali. Alizunguka, aligonga, aliomba maji, aliomba kupita. Na Jumatatu mama alipotokea kwenye simu, hakusubiri salamu ziishe.

"Mathe, naomba unisamehe. Nilikuachia mzigo sikukuuliza. Naomba uniambie ukweli. Ukisema nirudi, begi iko tayari."

Kimya. Unasikia matatu zinapiga honi huko nje.

Halafu mama akacheka, huku anajifuta macho na leso. "Naomba, naomba... umeanza kuongea kama Mtanzania?" Akapumua. Akamwambia ukweli: wamelipa sehemu ya deni, auntie amekopesha nyingine, kufuli limetoka Jumamosi. Mwezi ujao hajui. "Kaa kwanza. Nikishindwa nitakuambia, na ukirudi sitakucheka. Lakini usinifiche kitu na mimi sikufichi. Tumeelewana?"

Wameelewana. Hiyo ndiyo hali mpaka siku ya 13. Hakuna aliyebatizwa. Bibi anaswali swala zake tano kama jana na hana mpango wa kubadilika. Kodi ya mwezi ujao haijulikani itatoka wapi, na kijana ana miezi 23 na ushee mbele yake, kama mama hatasema vingine. Usiku ule alirudisha nguo kabatini, isipokuwa shati moja jeupe. Hilo lilikuwa bado bichi kwenye kamba, na asubuhi saa tatu wana miadi Tandika.