Tafakari ya Juma: Kuuliza si Ujinga



Wapendwa taifa la Mungu, kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba parokia yetu huwaaga vijana wanaokwenda kuanza masomo ya chuo kikuu. Hupanga mstari mbele ya altare, wazazi wao wakiwa nyuma yao, nasi huwabariki na kuwapa rozari. Kisha huwaambia neno moja: "Mkasome kwa bidii." Neno hilo ni jema, lakini tumejifunza kwa uchungu kwamba halitoshi.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja, mkulima wa viazi, alifika ofisini kutoa nia ya Misa. Aliomba tumwombee mwanawe afaulu mitihani ya mwaka wa pili. Tuliiandika nia hiyo, tukaisoma Dominika. Siku mbili baadaye kijana mwenyewe aligonga mlango wa nyumba ya mapadre usiku. Alikuwa ameondolewa chuoni mwishoni mwa mwaka wa kwanza, baada ya kushindwa mitihani ya marudio. Kwa miezi minane aliishi katika chumba cha kupanga, akipokea fedha za viazi na kumwambia mama yake kwa simu kwamba masomo yanakwenda vizuri.

Hakuwa mlevi wala mvivu. Kidato cha sita alipata daraja la kwanza. Tulipomwuliza alikwama wapi, alijibu: "Baba, wiki ya tatu sikuelewa hesabu. Nikasubiri mwalimu aniite, kama shuleni. Hakuna aliyeniita."

Ndugu zangu, tuyatafakari maneno hayo. Sekondari kijana huamshwa na kengele, huhesabiwa na mwalimu wa zamu, na akishuka huitwa. Chuoni hukaa katika ukumbi wenye mamia ya watu, na ukimya wake hausikiki. Tena katika vyuo vyetu vingi sehemu kubwa ya alama, mara nyingi 40 kati ya 100, hutokana na kazi na majaribio ya muhula. Anayesubiri mtihani wa mwisho ndipo aamke, amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo stadi ya kwanza ya mwanafunzi mpya ni kuuliza mapema. Amfuate mhadhiri ofisini akiwa na swali lililoandikwa. Atafute wenzake wanne au watano wa kujadiliana nao, maana anayemweleza mwenzake somo hugundua asichokijua. Amfahamu mshauri wa wanafunzi kabla ya kupatwa na shida, na ajiunge na wenzake wa TMCS, ili pawepo mtu atakayegundua kwamba hajaonekana.

Stadi ya pili ni kujipangia. Siku fedha za mkopo, lile "bumu", zinapoingia, kijana atenge kwanza chakula na kodi ya miezi iliyobaki, ndipo afikirie simu mpya. Bwana wetu alitufundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Na saa za siku zihesabiwe vivyo hivyo.

Lakini tunarudi kwenye kuuliza, kwa sababu ndiko vijana wetu wanakoona aibu. Yesu mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, msimamizi wa wanafunzi, alitaniwa na wenzake kuwa ni ng'ombe bubu. Hata hivyo kitabu chake kikuu cha teolojia amekijenga chote kwa maswali.

Usiku ule tulimsindikiza kijana hadi kwa mama yake. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kwa nini hukuniambia?" Halafu akatugeukia: "Na ninyi Baba, mlimwuliza?"

Hatukuwa na jibu. Noeli iliyotangulia tulimshika mkono mlangoni pa kanisa, tukasema, "Masomo vipi?" Akajibu, "Salama, Baba," nasi tukaridhika, tukamsalimu aliyefuata.

Mwaka uliofuata alianza upya, kwa stashahada, katika chuo kingine, na alihitimu. Wengine hawarudi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua; lakini mara nyingi mgonjwa huficha kwa sababu anaona sisi tunataka kusikia habari njema tu.

Wazazi wapendwa, juma hili mpigieni kijana wenu simu. Msimwulize kama masomo ni salama. Mwulizeni: "Somo gani limekushinda, na umemwambia nani?" Kisha nyamazeni, msikilize. Nasi tutafanya hivyo mlangoni pa kanisa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, utuombee. Tunawatakia juma lenye baraka.