Kwa Miguu hadi Shela

Dada uliyechoshwa na jiko na simu isiyonyamaza, ngoja siku ambayo maji yamekupwa Alasiri, utoke Lamu mjini ufuate ufuo hadi Shela. Ni kama kilomita 3. Watoto wabaki na baba yao. Nyumba haitabomoka kwa saa moja.

Maji yakijaa, njia humezwa, hivyo bahari ndiyo ipangayo wakati, na kwa hilo pekee nusu ya mzigo hutuka. Mchanga ni mgumu chini ya nyayo, majahazi yapita. Shoga wawili husemezana yale ambayo nyumbani, penye masikio mengi, hayasemeki. Apendaye kimya huleta adhkari. Magharibi huwakuta karibu na mnara mkongwe wa Shela. Kurudi, kuna boti.