Porojo za Kivukoni

Wahenga walisema usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Mimi sikumtukana mamba. Nilimtukana mvushaji, nikiwa bado sijavuka, na maneno niliyoyasema jioni ile yalinikaa moyoni kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nimeona afadhali niyaandike, huenda yakamfaa msomaji aliye na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Mto wenyewe ni Malagarasi. Huanzia katika milima ya mpakani mwetu na Burundi, ukawa mpaka kwa kitambo, kisha ukaingia ndani ya nchi yetu na kutawanyika katika mbuga za majimaji. Huko hupokea maji ya Muyovozi na ya Ugalla, ndipo ugeuke magharibi, upite Uvinza na kuyamwaga yote katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 bonde hilo la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za kimataifa iliyoanzishwa kwa Mkataba wa Ramsar, likiwa la kwanza kutoka Tanzania. Lakini sisi Waha wa Kasulu na Kibondo tuliuheshimu mto huo kabla ya orodha yoyote, kwani ulitulisha kambare na ulitutenga na jamaa zetu.

Mwaka 1989 nilipangiwa kufundisha shule ya msingi upande wa Kibondo. Mama yangu alikuwa Kasulu. Kwa barabara kuu safari ilikuwa ya kuzunguka, tena magari yalikuwa ya kuotea. Njia ya mkato ilikuwa kuteremka kwa baiskeli hadi kwenye kivuko kidogo ambacho sijapata kukiona katika ramani yoyote, kupakiza baiskeli ndani ya mtumbwi na kuvushwa. Mvushaji alikuwa mzee mmoja mwembamba, mkimya, aliyesimama nyuma ya mtumbwi akiwa ameshika upondo kama mtu aliyeegemea mlango wa nyumba yake.

Yeye alikuwa mkimya, lakini kivuko hakikuwa kimya. Chini ya mti mkubwa ukingoni palikuwa na kibanda cha nyasi, na hapo hapakukosa watu: wavushaji wenzake, wavuvi, warina asali, na wengine ambao sikuwahi kujua kazi yao isipokuwa kupenda mitumbwi. Ukifika unapiga makofi na kusema "Mwakeye", nao wanaitikia kwa makofi, kisha wanaendelea na soga lao walipoishia. Walizungumza juu ya mitumbwi tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Mtumbwi wa fulani ni wa mninga, lakini umechongwa na mtu mwenye pupa, ubavu mmoja mnene. Wa fulani umepata ufa, ameuziba kwa nta na kipande cha bati, lakini kijana wake bado anafua maji hadi mkono unamwuma. Nani ameazima kafi na hajarudisha. Maji yamepanda au yameshuka. Kiboko amelala wapi.

Na nauli, bila shaka. Ugomvi wa nauli katika mto huu ni wa zamani sana. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alibishana kutwa na wavushaji wa Uvinza juu ya malipo, na alipokwisha kulipa, punda wake mmoja akanyakuliwa na mamba wakati wa kuvuka. Niliposimulia habari hiyo kibandani, mvuvi mmoja aliuliza, "Na punda naye alilipiwa nauli?" Walicheka mpaka machozi.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana na nilikuwa na dharau ya vijana waliosoma. Nilizoea kukaa pembeni na gazeti langu la wiki iliyopita, nikiwaza kwamba watu hawa wangelima nusu ya muda wanaopiga porojo, wilaya mbili zingeshiba.

Mwezi wa Aprili 1992 mtoto wa jirani yetu aliniletea habari shuleni kwamba mama amezidiwa. Niliomba ruhusa, nikapanda baiskeli. Nilifika kivukoni saa kumi jioni. Mzee hakuwapo, alikuwa amekwenda juu ya mto kutafuta mtumbwi wa mwenzake uliong'olewa na maji. Nikakaa kibandani kumngoja, na watu walikuwa wakizungumza kama kawaida. Maneno yao yalinipita masikioni kama mvumo wa nyuki. Nilikuwa nikimwona mama tu.

Mzee alirejea jua likiwa linazama. Nilimwamkia na kumweleza. Aliyatazama maji, akanitazama mimi, akasema, "Pole, Mwalimu. Kesho alfajiri."

Nilimwahidi nauli maradufu. Akatikisa kichwa. Nikamwahidi mara tatu. Akaanza kufunga kamba ya mtumbwi kwenye mti. Hapo ndipo nilipomwambia, mbele ya watu wote, "Mzee, wewe huna mama? Au unaogopa maji uzeeni?"

Kibanda kizima kilinyamaza. Mzee alimaliza kufunga fundo lake. Kisha aliingia kibandani, akatandika mkeka wake, akaniashiria nilale, na yeye akakaa nje karibu na moto. Sidhani kama alilala.

Alfajiri alinivusha bila kusema neno na alikataa nauli. Nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Mama alikuwa amefariki usiku, yapata saa saba. Niliambiwa aliniulizia mara mbili.

Siku ya tatu mzee alikuja msibani. Alileta kambare wakavu waliofungwa kwa majani, akakaa nyuma ya wanaume wote. Niliwapa mkono waliokuja, mmoja mmoja, nilipomfikia yeye nikampita. Tangu siku ile nikawa nazunguka kwa barabara kuu, hata kama ni kungoja gari siku mbili.

Mnamo Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa maelfu wakamiminika Kibondo na Kasulu wakiwa na watoto mgongoni. Magari mengi yakachukuliwa na kazi hiyo, na nafasi ya abiria ikawa adimu kama mvua ya Agosti. Krismasi ilipokaribia sikuwa na njia nyingine ila kurudi kivukoni.

Nilipiga makofi, nikasema "Mwakeye". Wakaitikia, wakaendelea na soga. Mzee alikuwa akifua maji katika mtumbwi. Nikakaa. Safari hii sikuwa na gazeti, wala sikuwa na haraka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilisikiliza.

Mvuvi mmoja alisema maji yamemeza alama ya pili. Nikageuka kuangalia. Kumbe ukingoni palichomekwa fito yenye alama zilizokatwa kwa kisu, ambayo niliipita mara zisizo na idadi nikidhani ni ya kufungia mitumbwi. Mwingine alisema rangi bado ni nzuri, haijawa nyekundu, basi huko juu hakujanyesha sana. Wa tatu akasema yule kiboko jike hayupo kwenye kona, amekwenda chini na ndama wake. Baada ya hapo ndipo mzee alipofungua kamba na kuniita.

Nikiwa katikati ya mto maneno ya jioni ile ya Aprili yalinirudia, yote, kana kwamba yalikuwa yamehifadhiwa mahali. Walisema maji yamemeza alama ya nne tangu mchana. Walisema yamekuwa mekundu na yanabeba magogo. Walisema jike la kiboko limezaa, nalo limelala penye kona, chini kidogo ya njia ya mtumbwi. Jibu la mzee lilikuwa limekwisha kutolewa saa nzima kabla sijamwuliza, tena mbele yangu, na mimi nilikuwa nimekaa palepale.

Tulipofika ng'ambo nilimwambia, "Mzee, siku ile nilikukosea."

Aliushusha upondo. "Ningekuwa wewe, Mwalimu, ningesema mabaya zaidi. Lakini kwa kuwa ni mimi, hata leo nisingekuvusha."

Sikupata msamaha mtamu kuliko huo. Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji. Bado zipo siku ninazojiuliza kama tungejaribu. Pengine mtumbwi ungefika, na mama angeniona. Pengine angezikwa yeye na mimi nikatafutwa majini. Hakuna ajuaye, na nimejifunza kuishi na swali hilo bila kumtupia mtu mwingine.

Mwaka 1995 nilifika kivukoni na mgeni kutoka Uingereza aliyekuwa akihudumia wakimbizi. Alipouona mtumbwi alifurahi kama mtoto, akasema kwao naye ana chombo. Aliwaeleza kwamba Uingereza kuna mito iliyochimbwa na watu, kama ule wa Bridgewater uliofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester. Siku hizi, alisema, watu huishi na kutembea humo kwa raha zao, katika maboti marefu membamba yenye upana wa kama futi saba tu, ambayo mtu mwenye miguu mizuri hushindana nayo kwa kutembea ukingoni. Mimi nilikuwa mkalimani.

Mzee aliuliza, "Huko kuna viboko?"

"Hakuna."

"Mamba?"

"Hakuna."

"Basi wakikaa pamoja huzungumza nini?"

Mgeni alifikiri, akasema: kina cha maji, injini, chombo cha nani kinavuja, na nani amemgonga mwenziwe.

Mzee akawageukia wenzake. "Ni watu wetu hawa," akasema, na wakamsogezea mgeni kigoda.

Mzee yule hayupo tena. Siku hizi kuna lami na pikipiki, na wajukuu wangu hufika Kibondo kabla chai haijapoa. Sitamani shida zile zirudi. Lakini nimewafundisha jambo moja. Wakifika mahali pa wageni, pawe stendi, shambani au hospitalini, na kuwakuta watu wamekaa wakipiga porojo juu ya kazi yao, wasiharakishe kuuliza wala kudai. Wasalimie, wakae kidogo, wasikilize. Huenda jibu lao linatajwa wakati huohuo.