Mvinje na Msonobari

Kwetu pwani ya Tanzania, mbele ya ofisi ninamofanyia ukarani, umesimama mvinje mkubwa. Miaka mingi niliwaambia watoto kwamba huo ni msonobari, hata nikaupigilia kibao chenye jina hilo. Safari ya Mufindi ndiyo iliyonionyesha kosa langu.

Tuliposhuka Mafinga baridi ilitupokea. Toka hapo ukienda Sao Hill utaona misonobari mpaka macho yachoke, imepandwa safu kwa safu. Mingi ni ile ambayo wataalamu huiita Pinus patula, na asili yake ni Meksiko. Misonobari ya asili ya Afrika iko upande wa kaskazini tu, katika nchi kama Moroko na Aljeria.

Niliokota kitawi. Majani yake ni marefu na membamba kama sindano, na mengi yameshikana matatu matatu. Aina za misonobari duniani zapita 110, nazo zimegawanyika matawi mawili. Ukilikata jani na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, tawi moja lina mshipa mmoja katikati, na la pili lina miwili. Huu wa Meksiko una miwili.

Kisha nikaokota koni yake. Mbegu zake hukaa juu ya magamba, hazifungiwi ndani ya tunda. Hapo nikaukumbuka mvinje wetu. Zile “sindano” zake si majani, bali ni vijiti vyenye vifundo, ukivivuta huachana. Mvinje hutoa maua, na mbegu yake hufungwa tundani. Basi kwa ukoo mvinje u karibu zaidi na kunde za shambani kuliko na msonobari!

Na jamaa wa msonobari ni nani? Katika milima yetu wako mtarakwa na mpodo, ingawa jani la mpodo ni pana na halifanani na sindano hata kidogo. Uchunguzi wa chembe za urithi waonyesha kwamba ukoo wa msonobari ulijitenga kwanza, hata mtarakwa na mpodo wamekaribiana wao kwa wao kuliko wanavyokaribiana na msonobari.

Nilipata faraja kidogo niliposoma kwamba bingwa Carl Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1753, aliuita hata mwerezi wa Lebanoni kwa jina la Pinus. Waliomfuata waliupa jina lake wenyewe, ingawa umebaki katika ukoo mmoja na msonobari.

Niliporudi nyumbani nilikibandua kile kibao. Mtoto mmoja akaniuliza, “Bwana karani, mbona ulituambia ni msonobari?” Nikamjibu kweli: nilitazama sura, sikutazama mbegu. Kisha tukaketi chini ya mti, kila mtoto na kijiti chake, tukavivuta vifundo kimoja kimoja.